Kidani cha Mwana Kupona

Siku moja baada ya mavuno nalialikwa katika arusi ya binti niliyemfundisha kusoma tangu alipokuwa hajui kushika kalamu. Alipofunuliwa utaji mlangoni pa kanisa watu walipiga vigelegele, nami nikamtazama nisimtambue mara moja. Uso wake ulikuwa umepauka kama uso wa mtu aliyeugua siku nyingi ndani ya nyumba, lakini aliponyosha mkono kupokea pete, vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi vilevile kama Mungu alivyomwumba. Mzee mmoja wa kanisa aliyesimama karibu yangu akaninong'oneza, akasema, "Mwalimu, binti yako amependeza. Amekuwa kama Mzungu." Sikumjibu, wala sikujua la kumjibu.

Jioni, wanawake walipomkalisha mkekani, somo wake akamwusia. Alimwambia ajifukize udi, atie hina na wanja, asivue pete vidoleni, akae siku zote kama yu katika siku ya arusi yake. Maneno yale naliyajua. Ni maneno ya Mwana Kupona, ijapokuwa yule mama hajapata kukiona kitabu chake maishani mwake. Maneno hayo yametoka Pate, yakashuka na pwani yote, yakapanda huku kwetu kwa midomo ya watu, kama mbegu zichukuliwavyo na nguo za wasafiri.

Naliporudi nyumbani nikawasha taa, nikautwaa ule utenzi nikausoma tangu mwanzo hata mwisho. Tangu usiku ule nimekuwa nikidhani kwamba sisi waalimu, na masomo, na mapadre, na wakwe, tumeusoma vibaya. Nami ni wa kwanza katika hao, kama nitakavyoungama mbele. Basi nataka kuueleza hapa, sehemu iliyo nzuri na sehemu iliyo na kasoro, maana mambo yanenwayo mle ndani yamo katika nyumba zetu kila siku.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka, mkuu wa mji wa Siu, aliyesifika kwa kuwapinga watu wa Sultani wa Unguja. Mumewe alipokwisha kufa, naye mwenyewe amelala kitandani, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa beti mia moja na kidogo, mwaka 1858. Ulikaa kwa mikono ya waandishi na kwa vinywa vya wanawake, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakaupiga chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Walioupiga chapa waliupa jina la wajibu wa mke, na jina hilo limeshikamana nao. Naona jina hilo limeudhulumu kidogo, kwa maana humfanya msomaji atazamie mume tu, hali mumo mama na mwana kabla ya mume kutajwa.

Tazama jinsi uanzavyo. Mama humwita bintiye akae karibu, amletee wino na karatasi, kwa sababu moyoni mwake mna maneno. Humwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, wala hajapata nafasi ya kumwusia. Ndipo anapomwahidi vitu vya kuvaa: hirizi ya kufunga kwa uzi, kidani cha lulu na marijani cha kung'aa shingoni, na kifungo kisicho na ila. Mtoto asiye makini hudhani kwamba mama amefungua kasha la dhahabu. La, kasha halikufunguliwa. Kidani kile ni maneno yenyewe. Kabla hajasema neno moja juu ya marashi au pete, Mwana Kupona amekwisha kumvika bintiye pambo lisiloonekana kwa macho. Akalitaja kwa majina ya mapambo kwa kuwa alijua kwamba msichana wa miaka ile, kama wa miaka hii, hugeuza sikio upesi asikiapo habari ya lulu.

Nasi tumefanyaje? Beti hizo za kwanza tumeziruka. Ni Kiamu cha zamani, kigumu kwa watu wa bara, na mwalimu aliyechoka huona taabu kukifafanua. Miaka mingi nalifundisha utenzi huu kwa kuanzia mahali pa hina na wanja, kwa kuwa darasa lilicheka likaamka, na wasichana wakakumbuka. Binti yule wa arusi alikuwamo darasani. Yeye alijua sana beti za mapambo. Aliweza kuzitoa kwa ghibu. Beti za wino na karatasi hakupata kuzisikia kwangu.

Sasa nitasema juu ya hizo beti za mapambo, maana ndizo zitajwazo zaidi. Mke na ajipambe kama bibi arusi, miguu na mikono isikose vikuku. Shingo isikose kidani, mwili usikose harufu ya marashi na dalia. Pete zisitoke vidoleni, hina isikome, wanja usiondoke machoni. Ukiyapima kwa makini utaona mambo mawili. La kwanza, mengi katika hayo ni ya pua kuliko ya macho. Uzuri wa nyumba ya Pate ulikuwa uzuri wa usafi na wa harufu; mgeni aliujua mlangoni kabla hajaona mtu. La pili, kila kitu alichokitaja Mwana Kupona ni cha kutiwa na cha kutolewa. Pete hutoka kidoleni kwa sabuni, hina hufifia baada ya siku chache, wanja huoshwa, vikuku huwekwa sandukuni. Ukiviondoa vyote, Mwana Hashima yupo palepale, na ngozi yake ni ile aliyozaliwa nayo. Nimeusoma utenzi huu mara nyingi, wala sikuona mahali mama anapomwambia mwanawe abadili rangi yake, wala apunguze pua, wala auaibikie mwili wake. Alimpa pambo, hakumnyang'anya kitu.

Huo ndio wema wa beti zile, na mtu anayezidharau kwa kuwa ni mambo ya kike hajazielewa.

Lakini mwenye kuhukumu kitabu asiseme sifa peke yake. Kasoro ya utenzi, kwa maoni yangu, ni kwamba hausemi mapambo hayo yalisimama juu ya mabega ya nani. Nyumba ya mkuu wa Siu ilikuwa na watumwa. Utenzi wenyewe wawataja, na mama humwonya bintiye asizoeane nao ila wakati wa kazi. Basi aliyechota maji ya kuogea hakuwa Mwana Hashima, wala aliyetwanga, wala aliyechukua kuni kichwani. Mwanamke aliyeamka akakuta maji tayari aweza kukaa kama bibi arusi hata adhuhuri. Amri ile ilikuwa nyepesi kwake, kwa sababu uzito wake ulichukuliwa na mwingine ambaye hakutungiwa utenzi.

Amri hiyohiyo ikafika kijijini kwetu, kwa mwanamke aamkaye jogoo la kwanza. Yeye huenda mtoni, hurudi, huwasha moto, hupeleka watoto shule, huchukua jembe na mwana mgongoni, hulima hata jua likae utosini, huokota kuni njiani, hupika, hufua. Jua likitua, mumewe aliyeketi barazani humtazama akasema, "Mbona siku hizi hujitazami?" Mapambo ya mwungwana amepewa mtu asiye na mtumwa ila yeye mwenyewe. Nimepata kuwaona wanawake walioacha kuja ibadani miezi miwili kwa kuwa nguo ya sare ya arusi ya jirani hawakuweza kuinunua, na mmoja aliyeuza kuku wake wote wa mayai ili asukwe nywele kwa nyuzi za dukani kabla ya ubarikio wa mwanawe. Kuku wale ndio waliomnunulia mtoto madaftari. Simcheki. Naliketi kanisani siku ile, nikasikia wanawake wenziwe walivyomsifu, nikatambua kwamba kama angekuja na nywele zake kama zilivyo, sifa ile ingekuwa kicheko.

Tena jicho la kuhukumu katika utenzi ni moja tu, nalo ni la mume. Mwana Kupona hufundisha kwamba mwanadamu atafuta radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume; na siku ya kiyama mume ataulizwa juu ya mkewe. Hayo ni ya dini yake, nami siyaingilii. Nasema tu kwamba katika beti za mapambo mke haulizwi kama yeye mwenyewe amefurahi, au mgongo unamwuma, au leo amechoka. Ni haki pia kukumbuka kwamba mama huyu hakusema kwa nadharia. Alisimulia jinsi alivyoolewa na baba wa Mwana Hashima kwa furaha na kicheko, wakakaa siku zao zote wasivunjiane heshima. Mapambo yale kwake yalikuwa kumbukumbu ya mtu aliyempenda. Tena yeye aliyesema hayo alikuwa mgonjwa wa mwaka mzima, mwili umekonda, mume amekwisha zikwa. Uzuri wake wa macho umekwisha, na hata hivyo maneno yake hayajapungua nguvu. Hapo utenzi wajishuhudia wenyewe kinyume cha wale wautumiao kama fimbo.

Mtu ataniuliza: ikiwa Mwana Kupona hakutaja rangi ya ngozi, rangi hii tunayoililia sasa imetoka wapi? Jibu ni refu, nami nitashika kipande chake kimoja tu kilicho karibu nasi, yaani Unguja.

Katika siku za utumwa, nguo ya mwanamke ilisema hali yake kabla hajafumbua kinywa. Mtumwa na maskini alivaa kaniki, nguo ile ya rangi ya samawi nzito iliyokaribia weusi, au merikani isiyotiwa rangi. Mwungwana alivaa vingine. Amri ya kuwapa watumwa uhuru ilipotolewa Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki mara, wakavaa kanga za rangi na maua. Wengine wakajifunika buibui kama wake wa mabwana. Waliocheka walisema ni majivuno. Mimi nasema ilikuwa ni hati ya uhuru iliyovaliwa kiunoni. Mwanamke asiyejua kusoma aliandika kwa nguo maneno ambayo karani hakumwandikia: mimi si mali ya mtu. Basi hapo mapambo hayakuwa upuzi hata kidogo.

Lakini nguo hubadilishwa kwa siku moja, na mawazo ya watu hayabadiliki hivyo. Kipimo kilichomweka mwungwana juu na mtumwa chini kilibaki, kikahamia kutoka nguoni kwenda usoni, na kutoka usoni kwenda kwenye rangi. Tena zilikuwapo serikali za kikoloni, ambazo kwazo mweupe alikuwa bwana, Mwarabu na Mhindi katikati, na mweusi chini. Watu wakasoma ngazi ile kila siku dukani, bandarini, na hospitalini. Bendera zimeteremshwa zamani, ngazi ingali imeegemea ukuta.

Mfano wa mwanamke aliyepambana na kipimo hicho ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, karibu na mwaka 1880, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Walikuwa watu wa kufinyanga vyungu na kuvichukua kuuza. Mwaka 1911 alikwenda mjini, hajui kusoma wala kuandika, hana jamaa mkubwa wala mali, wala hakuhesabiwa katika wazuri wa sura. Alikuwa na sauti. Akafundishwa kuimba na kupigiwa ala, hata akaitwa katika majumba ya wakubwa. Na mwaka 1928 akapelekwa Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri zilizouzwa pwani yote. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu, heshima ambayo katika Kiswahili wanawake wachache wameipata.

Sasa sikiliza jinsi alivyoshambuliwa. Waliomwonea wivu hawakuweza kusema kwamba haimbi vema, maana mji mzima ulikuwa ukisikia. Wakatunga wimbo wa kumtukana: kwamba amekuwa mtu lini huyu, aliyekuja mjini amevaa kaniki, na kama si sauti angekula nini? Kaniki ile niliyoitaja hapo juu ndiyo waliyomrudishia usoni. Naye akawajibu kwa wimbo, akasema, kwa maneno mengine kuliko haya yangu, kwamba sura jamala na nasaba si hoja, aibu ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo limeshinda tusi kwa umri. Watu hulitaja hata leo.

Wasomaji wengi hukoma hapo, wakafurahi kwamba sauti imeishinda sura. Mimi sifurahi kabisa. Siti alipewa ruhusa ya kutokuwa mzuri kwa sababu alikuwa na kipawa ambacho katika watu elfu huzaliwa nacho mmoja. Je, mwanamke asiye na sura wala sauti? Yule mfinyanzi wa Fumba aliyebaki Fumba, akiuza vyungu vyema kwa bei ya haki, akilea watoto wake? Yeye naye alivaa kaniki, naye alichekwa, wala hakuna sahani ya santuri iliyochukua jibu lake. Tukisema kwamba mwanamke asiye mzuri hana budi kuwa na ajabu nyingine ili tumheshimu, bado tumemtoza kodi; tumebadili tu fedha ya kulipia.

Nirudi kwa yule bibi arusi na uso wake. Dawa aliyotumia huitwa mkorogo, na jina lake lasema kweli: hukorogwa. Muuzaji huchanganya mafuta ya namna hii na ya namna ile katika ndoo au kopo, akaufunga mchanganyiko katika chupa isiyo na maandiko, wala mnunuzi hajui nini kimo. Mara nyingi mna kitu kimoja au zaidi katika hivi vitatu. Kuna haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi isifanye rangi yake. Ikitumiwa miaka mingi huweza kuleta mabaka meusi ya samawi yasiyoondoka, yaani yule aliyekimbia weusi hupewa weusi wa ugonjwa. Kuna zebaki, ambayo huzuia rangi vilevile, lakini hupenya ngozi ikaingia damuni, ikaharibu mafigo, ikamfikia mtoto tumboni. Na waliomo nyumbani nao hupata kwa kugusana na kwa taulo. Na kuna dawa za namna ya steroidi, ambazo tabibu huwapa wagonjwa wa ngozi kwa kiasi na kwa siku chache. Zikipakwa kila siku huifanya ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, na jeraha lake hupona kwa shida. Mwanamke aliyejichubua hivyo akihitaji kupasuliwa wakati wa kuzaa, tabibu hupata taabu na ngozi yake.

Tena ile rangi yenyewe, tunayoitupa, ina kazi. Ndiyo kivuli ambacho mwili hujijengea juu ya jua letu. Mkulima aliyejichubua ni kama mtu aliyeezua nyumba yake katika mwezi wa jua kali ili ionekane kubwa.

Serikali hazikunyamaza. Nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zimepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, na katika Rwanda, kuanzia mwisho wa mwaka 2018, askari walipita madukani wakavitwaa. Mataifa nayo yalipatana mwaka 2013, katika mkataba uliopewa jina la mji wa Minamata wa Japani, ambako watu waliugua na kufa kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Vipodozi vya zebaki vimo katika mambo yaliyokatazwa na mkataba huo. Lakini sheria hukamata chupa, haikamati neno. Siku ile ya arusi hakuna chupa iliyoonekana kanisani. Kilichoonekana ni mzee aliyesema, "Amekuwa kama Mzungu," tena akalisema kwa sifa.

Kwa hiyo sikubaliani na makala nyingi na hotuba nyingi zinazowakemea wanawake wa mkorogo kama wapumbavu. Mpumbavu ni mtu asiyejua kusoma alama. Wao wamezisoma vema. Msichana aona kwamba katika madada wawili mweupe ndiye aulizwaye kwanza na wajumbe wa posa. Aona kwamba katika duka mweupe ndiye asimamishwaye mbele, penye wateja. Asikia mama yake mwenyewe akimwita dada yake "mweupe wangu" kwa sauti ya mapenzi, na yeye "cheusi" kwa mzaha. Amehesabu, akapata jibu, akanunua chupa. Hesabu ni yake, lakini nambari tuliziandika sisi ubaoni.

Na sisi Wakristo tumeongeza la kwetu. Kila mwaka husikia hotuba juu ya waraka wa Petro, mahali anaponena juu ya kusuka nywele na kujitia dhahabu, na macho yote huwageukia wanawake waliokaa upande wao. Sijasikia bado hotuba moja ambayo mwenye kuhubiri, baada ya kusoma maneno hayo, aliwageukia wanaume akawauliza, "Nanyi mlipochagua, mlitazama nini?" Mwanamke huambiwa na mimbara kwamba kujipamba ni dhambi, na baraza kwamba kutojipamba ni uvivu. Hapati mahali pa kusimama isipokuwa kizingitini, na kizingitini hapalaliki.

Nimekwisha kusema kwamba nitaungama. Juzi nalikwenda zahanati kwa ajili ya jicho langu, nikamkuta yule binti amekaa benchini na mtoto mchanga. Mabaka yalikuwa yameanza chini ya macho yake. Mwuguzi alikuwa amemwambia aache mkorogo, naye ameacha. Na kwa kuwa ngozi humwaka na kumwasha tangu alipouacha, amekaa ndani majuma mengi, akiogopa kuonwa. Mumewe hakumfukuza, bali amekaa kimya. Aliponiamkia, "Shikamoo, mwalimu," aliuvuta ukanda wa kanga akafunika shavu. Nikamwitikia, nikakaa, nikakosa la kusema, maana mtu aliyefundisha kwa ghibu beti za wanja na hina atasema nini hapo?

Akaanza yeye. Akaniuliza kama bado nafundisha utenzi wa Mwana Kupona. Nikasema ndiyo. Akasema, "Yule mama alikuwa na watu wa kumsaidia kazi, sivyo? Nalifikiri hivyo siku moja nilipokuwa natwanga." Ndugu wasomaji, nimeusoma utenzi ule miaka ishirini na zaidi kabla sijauona mtwangio ndani yake, naye aliuona kwa mikono, pale kinuni.

Kesho yake nikampelekea kitabu, pamoja na karatasi niliyoandika maana ya maneno magumu ya Kiamu, beti kwa beti, tangu ya kwanza. Nalimwambia aanze pale mama anapoomba wino. Mumewe ndiye aliyekipokea mlangoni. Akakigeuza mkononi, akaniuliza ni kitabu cha nini, nikamwambia kwamba ni kidani.